Rupia Iliyosuguliwa Mapera

Habari za kifo chake zilinikuta Mbamba Bay, sokoni, nikiwa nabishana na muuza usipa juu ya mchanga aliouacha ndani ya samaki wake. Simu ikaita. Aliyepiga hakuzunguka: "Mzee wa duka la vitenge hatunaye. Anazikwa leo alasiri." Nikauacha usipa palepale, nikaingia garini kurudi Mbinga, na lami yote ile tunayojisifia haikunifikisha kwa wakati. Nilikuta watu wanatoka makaburini wakipangusa udongo mikononi. Niliumia, tena nikashikwa na hasira ya kijinga, kana kwamba kuna mtu wa kulaumiwa kwa sababu Waislamu hawacheleweshi kuzika. Nikakaa kwenye mkeka pamoja na wengine.

Wengi wenu mlimfahamu kwa vitenge vyake na ule utani wake wa kuwapimia wateja kwa mkono wakati mita ipo mezani. Babu yake alikuja huku kutoka Kilwa na mzigo wa nguo, na ukoo haukurudi tena pwani. Wachache walijua kwamba nyuma ya yale majora ya vitambaa alihifadhi sarafu za kale za fedha, hasa rupia za Mjerumani. Nasema fedha, ile madini, maana lugha yetu hapa inatuponza: ukisema mzee fulani anapenda fedha, watu wanadhani ni bahili. Yeye alichopenda ni rangi. Fedha halisi ikiachwa miaka na miaka bila kusumbuliwa hubadilika yenyewe. Huanza manjano hafifu ya chai ukingoni, ikaingia zambarau, ikawa buluu, mwisho nyeusi. Sisi tunaita kutu, na neno hilo lilimkera kweli. "Kutu inakula chuma," alikuwa akiniambia. "Hii hailiwi. Hii inazeeka." Wajanja waliofukiza sarafu kwa kiberiti ili zipate rangi ya haraka hawakumpata, alizigeuza mara moja kwenye mwanga wa mlangoni akawarudishia. Rangi ya kulazimisha, alisema, imekaa juujuu kama poda usoni. Na mteja aliyeleta rupia aliyoisugua kwa majivu na ndimu, akitegemea kupongezwa kwa usafi, alikaribishwa chai na kupewa pole. Mteja hakuelewa pole ya nini.

Sasa niwaeleze jambo la kijiji cha Mapera, kwa sababu ndilo lililonifanya nimheshimu mtu yule kuliko wengi ninaokaa nao. Asubuhi moja alikuja nyumbani kwangu, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza habari za watoto. Aliniomba nimpeleke Mapera na gari langu. Kulikuwa na bibi mmoja huko, mjane, aliyekuwa na rupia tatu alizoachiwa na mumewe, zimeviringishwa kwenye kitambaa ndani ya kopo, na kopo limekaa darini juu ya jiko kwa miaka mingi. Bibi alipoanza kuishiwa nguvu alimkabidhi kopo hilo mke wa mwanawe. Juzi yake ukoo ulikutana kuzungumzia kuziuza ili nyumba ya bibi iezekwe upya, kopo likafunguliwa, na rupia zikatoka na rangi za mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Shemeji wa bibi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akasema fedha ni nyeupe, kila mtu anajua, kwa hiyo hizi ni za bandia na mkwe ameuza zile za kweli. Kamuuzia nani? Mbinga nzima anayenunua rupia ni mmoja. Ndiyo maana tuliitwa.

Tulipofika niliona kwanza begi. Lilikuwa limetolewa nje, limewekwa kando ya mlango, na yule mwanamke amekaa chini karibu nalo, mikono kwenye mapaja. Mume wake alikuwa upande wa pili wa ua na hakuinua uso. Mzee wangu wa vitenge aliamkiwa shikamoo na vijana, lakini kiti alichopewa kilikuwa katikati, na mtu hapewi kiti cha katikati kwa heshima. Akaletewa rupia. Akazigeuza. Moja ilimkamata, nikamwona. Buluu yake ilianza ukingoni ikazunguka kichwa cha mfalme wa Kijerumani na kuishia kwenye kofia yake. Nilikuwa nimemsikia akiizungumzia rangi ya namna hiyo kama kitu ambacho asingekiona tena.

"Ni za kweli," alisema. "Ni moshi na miaka. Huyu binti hajaiba kitu."

"Wewe lazima useme hivyo," shemeji akajibu kwa upole uliotisha. "Wewe ndiye mnunuzi."

Mzee akatoa rupia yake mwenyewe mfukoni, akaomba majivu na ndimu ili awaonyeshe jinsi nyeusi inavyorudi nyeupe. Wakakataa. "Hiyo ni yako, mzee. Sisi tunataka ya kwetu. Tena ile," shemeji akasema akionyesha ile ya buluu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na rangi kuliko zote. "Kama ni shaba itatoa wekundu, na huyu atabeba begi lake leo hii." Nikasema kwa sauti kwamba ikisuguliwa thamani yake inakwisha, mnajiharibia wenyewe. Nilizidisha mambo tu. Walitazamana, na nikaelewa wanachofikiri: kumbe hawa hawataki ipimwe.

Mzee wangu akaniwekea mkono begani nikae. Kisha akamwambia bibi kwamba anainunua ile rupia kwanza, jinsi ilivyo, ili hasara iwe yake. Bibi akaitika kwa kichwa. Majivu yakaletwa kwenye kipande cha kibuyu. Mzee alisugua mwenyewe, kwa kidole gumba, na maji yakatoka meusi, meusi tu, wala hakuna dalili ya weupe. Mtu mmoja nyuma yangu akaguna, na mume wa yule mwanamke akafunika uso. Mzee akaongeza ndimu, akasugua tena bila haraka, akaisuuza, akaipangusa kwenye kanzu yake. Ilikuwa nyeupe pe, imeng'aa kama kijiko kipya. Shemeji aliipokea, akaigeuza mara kadhaa, akasema, "Basi. Begi lirudi ndani." Hakuomba radhi.

Yule mwanamke alitusindikiza hadi kwenye gari. Macho yalikuwa makavu. "Babu," alisema, "nilikuona ulivyoishika ile mwanzoni. Ungeiacha tu. Ningerudi kwetu."

"Rangi yake itarudi pole pole, mjukuu wangu, ila mimi sitakuwepo," alimjibu. "Jina lako lingechafuka, ungeubeba uchafu huo ukiwa hai."

Tangu siku ile naona tunavyosugua kila kitu: makaburi ya wazee tunayabandika vigae, makanisa ya zamani tunayapaka rangi mpya hadi mawe yake hayaonekani, na mtu akiwa kimya tunamtaka ang'ae mbele yetu ndipo tumkubali. Tunaita uhakika. Wanawake wanaoolewa kwenye koo zetu wanaujua uhakika huo kuliko mimi. Kopo likipotea ni wao, kopo likionekana na kitu kimebadilika ndani yake ni wao tena, na kila mara wanasubiri mgeni aje athibitishe walichokwisha kusema.

Msibani nilimwona yule mwanamke, amekuja na mumewe kutoka Mapera, amekaa na wanawake wa ndani anamenya viazi. Aliponiona alisimama akaniamkia, akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, na tangu hapo sijaweza kulisahau. Alisema siku ile, kabla hatujaitwa, aliwaambia mara moja tu kwamba hakuiba, na hakuna aliyemuuliza tena. Neno lake lilikuwepo pale uani tangu mwanzo. Lingetosha, na rupia ya mzee wangu ingekuwa na rangi yake hadi leo.