Toleo Ambalo Mfalme Hafi

Mtu akiniuliza aanze na ipi kati ya zile gemu za ufalme, huwa namjibu haraka kama mhudumu wa hoteli anayetaja vyakula vilivyopo. Ya kwanza achana nayo, picha zake ni vibonge vibonge na ukishindwa unarudishwa mwanzo kabisa. Cheza ya kwanza iliyotengenezwa upya. Ya pili ina maneno mengi kuliko mapigano. Ya tatu ni nyepesi, ya kujifunzia. Ya nne ndiyo yenyewe. Ya tano inamfaa aliyemaliza ya nne, na zilizobaki ni za watu kama mimi, tusio na akili ya kuacha kitu tulichokianza. Katika gemu hizi unampa mhusika wako jina, unamvalisha, unamtembeza nchi nzima akiongea na watu na kupigana na mazimwi, na hadithi inaweza kukuchukua miezi. Nimezicheza tangu chuo. Sasa nina umri wa kuamkiwa na watu wenye ndevu, nauza dawa kwenye duka la dawa Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mpaka mwaka jana nilikuwa nazificha kama mtu anavyoficha chupa.

Niliyemficha hasa ni baba mkwe wangu.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Mama yangu akimwona baba mkwe wake anakuja, alikuwa anaacha njia na kuingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Jina lake hakulitamka maisha yake yote. Mimi nimekulia mjini na siingii migombani, lakini jina la baba mkwe halijawahi kupita kwenye ulimi wangu, na mbele yake macho yangu huwa chini. Yeye ni Mhehe wa Kilolo, na mambo hayo aliyaona kichekesho. Mwaka tuliooana alimwuliza mume wangu, mimi nikiwa nimesimama pale pale, "Huyu mwenzio anaongeaga, au ulimnunua hivi hivi?"

Mwaka jana kiharusi kilimkuta kwenye viazi vyake. Mkono wa kulia ukalala. Mume wangu akamleta kwetu Ilomba, ili awe karibu na hospitali na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Siku ya majibu daktari alituita pembeni, mimi na mume wangu, akatueleza kwa Kiingereza. Sehemu ya ubongo inayoendesha ule mkono imekufa, alisema, lakini sehemu nyingine inaweza kufundishwa kazi yake, kama mgonjwa atautumikisha mkono kila siku bila kuuhurumia. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini. Kisichorudi katika miezi hiyo, mara nyingi hakirudi tena.

"Mwambie wewe," mume wangu akaninong'oneza. "Wewe ndiye mtu wa dawa."

Tulimkuta mzee kwenye benchi, mkono wake ameupakata. Akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema mkono umechoka, baba. Ukifanya mazoezi utarudi."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Mzee naye akaitikia. Nakumbuka tulivyotoka pale nikijiona mtu mwema, mwenye ulimi wa kujua wagonjwa wanavyosemeshwa. Jambo hilo ndilo linaloniumiza zaidi ninapolikumbuka.

Mume wangu anauza vipuri vya magari Makambako, nyumbani anarudi Jumamosi. Nikabaki na mzee. Alipewa mpira wa kuminya, akauminya siku chache, halafu nikawa naokota mpira huo nyuma ya kochi. Mtaalamu wa mazoezi akasema basi tumpe chochote kitakachovifanyisha kazi vidole, hata rimoti. Mzee akaitafuta rimoti. Niliporudi kazini mchana huo nilimkuta amekaa kwenye kochi, na mkononi ameshika padi yangu ya gemu, ile niliyoizika chini ya mito.

"Hii ya nani?"

"Ya mwanao, baba."

"Mwanangu hata saa ya ukutani inamshindaga," akasema. "Washa tuone."

Sijui kama umewahi kuona aibu mpaka masikio yakapiga kelele. Niliwasha. Orodha ya gemu zote ikajipanga kwenye televisheni, na nikapiga magoti pembeni ya meza kuchagua ipi ifae kwa mkwe mgonjwa.

Kwa mtu mwingine yeyote ningewasha ya nne bila kufikiri mara mbili. Lakini ya nne inaanza na mfalme mzee amelala kitandani, upande mmoja wa mwili umepooza na mdomo umekwenda upande, na kabla hujatoka getini mfalme huyo anakufa na kumwachia mwanawe ufalme ulioanguka. Nikaiona sura ya mzee wangu akitazama hayo. Nikaipita. Nikachagua ya tatu, toleo jipya, lile lenye rangi nzuri, ambalo mfalme hafi na hadithi nzima ni ya kutafuta kengele za mji zilizoibwa na nyani.

Gemu ikauliza jina la shujaa.

"Niandike mimi," mzee akasema.

Vidole vyangu vikagoma. Nilikuwa na herufi zote mbele yangu, na jina lake nalijua kama ninavyolijua la kwangu, lakini ilikuwa kama kuambiwa nimvue viatu vyake nivivae. Nikaandika BABA. Akalisoma, akacheka kidogo. "Haya. Baba si ndiyo mimi."

Aliipenda gemu ile kuliko nilivyotegemea. Kila mchana baada ya chakula alikaa, mimi chini kwenye mkeka, akitembea na kuuliza, nami nikimtafsiria. Kiingereza hakijui, lakini neno Baba alilitambua kila lilipotokea, na lilitokea kila wakati. Muuza samaki alimsalimia Baba. Malkia alimshukuru Baba. Siku zile nilianza kuinua macho. Tuliongea. Alinisimulia jinsi ya kujua ardhi ya viazi kwa kuinusa, na akanifundisha kumwitikia "kamwene", salamu ya Kihehe, bila kuimumunya.

Tatizo ni kwamba shujaa akishindwa vita, skrini inakuwa nyeusi na maandishi makubwa mekundu yanatangaza, kwa Kiingereza, kwamba fulani amekufa. Mara ya kwanza nyani walipomzidi, nikasoma moyoni mwangu: BABA AMEKUFA. Nikatamani kuchomoa waya ukutani.

"Hapo nimetajwa," mzee akasema. "Wanasemaje?"

"Baba amechoka," nikamwambia. "Anapumzika, halafu anaendelea."

Ndivyo ikawa. Kila alipokufa nilimwambia amechoka. Kwa kuwa hakujua kama anakufa, alikuwa anaingia vitani kichwa mbele, bila ngao, akianguka na kuamka akifurahi. Kwenye padi vitufe vya kupigania viko kulia, kwa kidole gumba cha kulia, kidole kile kile tulichokuwa tunakitaka kiamke. Nilipokuwa nimekaa pale alikitumia, polepole, huku anakunja uso. Nikitoka jikoni mara nyingi nilimkuta ameigeuza padi, anabonyeza kwa kushoto, na ule wa kulia ameulaza juu ya mto. Niliona. Lakini mkwe utamkaripiaje? Nilikohoa tu mlangoni, na kikohozi changu hakikumwambia chochote.

Tulipomaliza kengele akataka inayofuata. Nikamwambia ya nne imeharibika, tukaenda ya tano, na shujaa akaitwa jina lile lile.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akatufikia bila taarifa. Anafundisha sekondari Iringa mjini, na ana sauti ya mtu aliyezoea madarasa yenye wanafunzi mia. Alikuja kumwona baba yake, lakini nilijua amekuja pia kutazama anavyotunzwa. Kwake lilikuwa jambo la siku nyingi: mzee arudi Kilolo, akae na watu wake, asifichwe Mbeya kwa mwanamke asiyetazama mtu usoni. Nilikuwa jikoni natenga chai. Nikasikia anabisha hodi, anaingia, anasalimia, halafu ananyamaza. Wifi yangu hanyamazi bure.

"Baba amekufa," akasema.

Nikatoka mbio na birika mkononi. Mzee alikuwa mzima kwenye kochi, padi mapajani. Wifi alikuwa amesimama na mkoba wake begani, anatazama televisheni yangu, skrini nyeusi, maandishi mekundu.

"Nani kafa?" mzee akauliza.

"Wewe! Imeandikwa hapo, Baba amekufa. Wifi, hii umeandika wewe? Ndiyo mnacheza hivi humu ndani? Mgonjwa anakaa hapo, mnamwandikia kifo chake kwenye tivii?"

Nilijaribu kueleza. Nikasema ni gemu, ni jina tu, niliandika hivyo kwa heshima. Nilipolitamka neno heshima mbele ya yale maandishi, mwenyewe niliona lilivyokaa.

Mzee hakumsikiliza binti yake. Alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe si ulisema nimechoka?"

"Ndiyo, baba."

"Kumbe siku zote hizi nilikuwa nakufaga?"

"Ndiyo, baba."

"Mara nyingi?"

"Nyingi, baba."

Kama angecheka, ningepona. Hakucheka. Aliitazama ile skrini muda mrefu, akihama kutoka neno hadi neno, kama mtu anayesoma upya barua aliyosomewa na mwingine. Wifi akasema kesho asubuhi wanaondoka. Nilirudi jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Asubuhi begi la mzee lilikuwa mlangoni, limefungwa. Wifi alikuwa anavaa viatu. Mzee alikuwa amekaa mahali pake, na televisheni imewashwa.

"Mwanangu," akaniita. "Tulicheza ya tatu. Halafu tukacheza ya tano. Mimi nimelima maisha yangu yote, tuta likirukwa nalionaga. Iwashe hiyo uliyoiruka."

"Imeharibika, baba."

"Iwashe."

Nikaiwasha. Ikafunguka kama kawaida, nzima, kwa ule muziki wake wa polepole. Akatokea mfalme kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono umelala juu ya shuka. Mganga wa mfalme anawavuta wakubwa pembeni na kuwanong'oneza, na wakubwa wanarudi kitandani wakitabasamu. Nilikuwa nimesahau kipande hicho, au sikuwahi kukitilia maanani. Wifi akaacha kufunga kamba za viatu.

"Wanamwambia nini?" mzee akauliza.

"Wanamwambia atapona kabla ya mavuno."

"Na mganga amewaambia nini?"

Nikamsomea alichosema mganga. Nikamsomea mpaka mwisho, mpaka maneno ya kwamba mfalme amekufa, na sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya mwanafunzi aliyefikishwa kwa mwalimu mkuu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakuonekana kuumizwa na kifo cha yule mfalme hata kidogo.

"Sasa nisomee ya daktari," akasema. "Siku ile ya benchi. Kama ilivyo."

"Daktari gani?" wifi akauliza. Hata yeye tulikuwa tumemwambia mkono umechoka.

Nilipiga magoti, na nikasema. Nikasema kuhusu sehemu iliyokufa. Nikasema kwamba ilitakiwa autumikishe mkono kila siku bila kuuhurumia, na kwamba miezi yenye matumaini ilikuwa ile ya mwanzo. Sikuhitaji kumwambia kuwa imeshapita. Kilolo watu walikuwa wanavuna viazi ambavyo hakuvipanda. Nilisema nilimficha kwa kumwonea huruma, na nikaona aibu zaidi, kwa sababu nilikuwa bado naomba kusifiwa.

Mzee aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya goti lake, akautazama.

"Uliniambia umechoka," akasema. "Na mimi nikaupumzisha."