Mbwa Aliyenyolewa Wiki ya Msiba

Kijijini kwetu wanasema nilimnyoa mbwa kwa msiba wa baba yangu. Wamelisema hilo miaka na miaka, wakatia chumvi, na baadhi ya wanaolisema walikuwa hawajazaliwa. Sasa nami niseme.

Baba alikuwa mpishi huko Geita, kwenye mgodi wa dhahabu. Mgodi ulipofungwa, miaka ya sitini, mzungu fundi wa mitambo aliyekuwa akimpikia alirudi kwao akamwachia mbwa. Hakuwa mbwa kama hawa wetu. Alikuwa mweusi, nywele za kujisokota kama za kondoo, vidole vimeunganishwa kwa ngozi, na alipenda maji kuliko chakula. Mzungu alieleza kwamba mbwa wa aina hiyo huogelea na wavuvi na kuwaletea nyavu, na kwamba hata huko kwao wamebaki wachache. Baba akamleta Shinyanga, kwenye mbuga kavu ambako maji yako lamboni tu, na hayo yenyewe tunagombania na ng'ombe.

Alikuwa na kichwa kigumu. Ukimwita mara moja anakuja. Ukimwita tena kwa jambo lile lile anakutazama tu. Kibuyu cha mtu kikimponyoka lamboni, mbwa anajitosa anakileta, halafu anagoma kukiachia mpaka asifiwe. Mimi nilimpenda kwa ukaidi huo. Mama hakumpenda. Alisema mbwa wa kuchanwa nywele ni wa watu wasio na kazi, na hakumruhusu kuvuka kizingiti.

Kweli kumtunza kulikuwa kazi. Nywele zake hazikupukutika, kwa hiyo usipozichana zinafungamana mpaka ngozi inavutika. Akitoka majini lazima umkaushe masikio kwa kitambaa, maana yamelala, na maji yakibaki ndani masikio yanaoza. Kupe wa zizini nilimtoa mmoja mmoja kwa vidole. Na joto likianza ananyolewa nusu: kuanzia kiunoni hadi miguu ya nyuma anabaki ngozi tupu, apige maji kwa wepesi, kifuani na mabegani nywele zinaachwa zimkinge na baridi. Kwenye ncha ya mkia unaacha kishada. Baba alinifundisha hayo kwa mkasi wake mwenyewe, tulipokuwa tukiishi kule mgodini na mbwa akiwa bado wa mzungu.

Tuliporudi kijijini baba akashikwa na kifua, na hakuna aliyeukumbuka mkasi. Watu wakamzoea mbwa akiwa na manyoya tele. Muda wote wa ugonjwa alilala mlangoni pa baba. Baba alipofariki akazikwa zizini, kama mwenye mji anavyozikwa, na mbwa akahamia pale kaburini, akawa hataki kula. Sisi tukanyolewa vichwa, mama, mimi na wadogo zangu, kama desturi inavyotaka. Wiki ile ile joto likapanda. Nikamwona mbwa anahema vibaya, nikachukua mkasi wa baba nikamnyoa inavyopasa.

Kesho yake nilipompeleka lamboni, wanawake walitua ndoo zao. Walimtazama mbwa, wakatazama kipara changu, wakajumlisha wenyewe. Kabla ya jioni habari zilikuwa zimemfikia baba mdogo: nimemfanya mbwa kuwa mtoto wa marehemu.

Akaja na wazee wa ukoo, na nyuma yao vijana wenye marungu. Uamuzi walikuwa nao tayari, mbwa auawe ili mkosi uishie hapo. Nilieleza habari za joto na maji, nikawaonyesha kifua, miguu na vile vidole. Hawakunielewa, au hawakutaka. Baba mdogo, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akanipa pa kutokea: niombe radhi kwa kumdhalilisha kaka yake, mbwa afungwe nyuma ya nyumba, asikanyage tena lamboni, na mkasi usimguse tena. Nikikubali, ataishi.

Nilikasirika. Mbwa wa maji umnyime maji, umfungie ndani ya manyoya kwenye jua la Shinyanga, hayo ni maisha gani? Na radhi ya nini?

"Sikumnyoa kwa msiba," nikasema. "Lakini msiniambie hakufiwa."

Wazee wakanung'unika, kijana mmoja akasogea na rungu lake. Ndipo mama akatoka ndani, mjane ambaye hakutakiwa hata kuonekana uani siku zile. Akawapita wote, akaketi chini kando ya mbwa na kumwekea mkono shingoni. Sikuwahi kumwona akimgusa.

"Mume wangu alipokuwa anakohoa, aliyekuwa mlangoni ni huyu," akasema. "Ninyi mlikuja siku ya kuchinja ng'ombe."

Kila mmoja wao alikuwa amekula ile nyama ya msiba. Marungu yakashuka. Baba mdogo aliondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu hakukanyaga kwetu.

Tangu hapo, kila joto lilipoanza, nilimnyoa mbele ya nyumba, njia inapopita, anayetaka kutazama atazame. Mama aliendelea kumkataza kizingiti. Alisema kumtetea si kumpenda.

Mbwa alikufa kwa uzee, muda mfupi kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Hakuacha mtoto, maana mwenzake wa aina ile hakuwepo. Nilimzika nje ya ua wa zizi, upande lilipo kaburi la baba. Niliporudi, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, pale pale nilipokuwa nikimnyolea mbwa.

"Lete mkasi wa baba yako," akaniambia.

Nikauleta. Akafungua kitambaa cha kichwani, akainama. Nilimnyoa, kisha akaninyoa mimi. Tukachukua ndoo tukaenda lamboni mchana kweupe, vichwa wazi. Wanawake wakatupa pole, wakauliza tumefiwa na nani.

Mama akawaambia.