Machozi ya Luano

Juma lililopita nilikuwa na wengine uwanja wa ndege wa Luano, tukingoja watu waliokimbia vita vya Kivu. Kila mlango ulipofunguka, vilio na vigelegele vilipanda hadi darini. Pembeni alisimama mwanamke mwenye mvi, mikono masikioni, akijitikisa polepole kama nyasi ndani ya maji.

Kwetu, machozi yana wakaguzi. Mama mmoja akamkemea: "Unangoja ndugu yako na haulie? Roho yako iko jiwe?"

Akajibu bila kumtazama: "Mama, niko na autisme, nilizaliwa nayo. Kelele yote inaniingia mara moja, inanichoma. Munganga wa hospitali aliniambia mwaka jana tu. Tangu utoto nilizani niko muntu mubaya. Kumbe niko tu muntu wa namna yangu."

Mlango ukafunguka. Mdogo wake akatoka na kifurushi kimoja. Sote tukageuka, tukingoja wakumbatiane. Mdogo hakumkumbatia. Alisimama kando yake bila kumgusa, akavua kitenge cha mabegani na kumfunika nacho kichwa, taratibu, kama anayeshusha pazia kwenye chumba cha mtoto aliyelala.

"Yaya, mukubwa wangu, nimefika. Tubakie kwanza kimya, vile uliniambia kwa telefone."

"Aksanti. Niko na furaha sana."

Wakasimama hivyo, wawili, na kelele ikawa kama mvua ya mbali. Sisi tuliendelea kuwakodolea macho, tukidai machozi yao, utadhani tulikata tiketi ya kuwatazama.