Kazi ya Mzee Tak kwa Hesabu ya Mwenyekiti

Mzee Tak Pilgu alikuwa mlinzi wa majengo ya ghorofa ya Dalbit, huko Korea, na kazi yake kubwa ilikuwa kusukuma magari ya watu.

Watu wa Dalbit wana magari mengi kuliko ardhi. Jioni nafasi zikijaa, aliyechelewa huliacha gari lake kwa ubavu mbele ya magari ya wenzake, gia huru, breki ya mkono imeshushwa. Asubuhi mwenye haraka hulisukuma kando, akatoa lake. Ndiyo adabu ya pale. Mtu anaweza kuwa mlevi, anaweza kukosana na ndugu zake wote, atasamehewa. Lakini akiegesha kwa ubavu na kuvuta breki ya mkono, hata mamaye mzazi atasema huyu nilimwokota.

Kusukuma, walimwachia Mzee Tak. Alikuwa na namna yake. Anageuka, anaegemeza mgongo kwenye buti, anakanyaga chini, anangoja. Gari hukataa kwanza. Halafu hukubali kidogo. Likishakubali, shida ni kulisimamisha.

"Kama kuoa," alizoea kusema.

Mkewe Sundeok alikuwa akimjibu, "Wewe nilikusukuma mimi, na mgongo unaniuma mpaka leo."

Sundeok alimletea chakula cha mchana kila siku, wali wa shayiri na kimchi, ile kabichi yao ya kuchachushwa na pilipili, ndani ya kopo la bati. Kibanda cha mlinzi kilikuwa chini, nyuma ya ukuta wa lango, na dirishani huoni ila matairi na viatu. Kwa hiyo Tak hakuwahi kumwona mkewe akija. Alisikia basi likisimama ng'ambo ya ukuta, kisha kimya, kisha sauti mlangoni:

"Upo?"

"Nipo. Niende wapi?"

Akaingia, akaketi kwenye mto mwekundu alioushona mwenyewe, wakala. Basi.

Majira ya baridi yaliyopita Sundeok alifariki. Mto ulibaki. Mwana wao aliyeko mji wa Busan alimpigia baba simu: njoo ukae nasi, kuna chumba, kina televisheni. Tak alisema atafikiri. Hakufikiri. Alikwenda kibandani, akaketi kando ya mto.

Pale ndipo alipotaka kuwa, na hapakuwa na kingine alichotaka. Na pale ndipo walipotaka kumtoa.

Mwenyekiti wa wakazi aliitwa Guk Jaeseop. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, ila fizikia yenyewe ilikataa kustaafu. Yai likianguka jikoni kwake, hapigi kelele wala haokoti. Anakuambia lilifika chini na mwendo gani. Mkewe ndiye mwenye kupiga deki.

Vuli ile kamati ilikaa kujadili kama mlinzi aondolewe, pawekwe kizuizi cha umeme na kamera. Mwenyekiti alisimama ubaoni na kalamu.

"Ndugu wakazi, kabla hatujasema mtu anafanya kazi au hafanyi, tujiulize. Kazi ni nini?"

"Kazi ni kukaa hapa na maharage yangu yako motoni," alisema Mama Eunsil wa ghorofa ya pili, mwenye duka la tofu, jibini ya maharage ya soya. Watu wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Kazi ni kani mara umbali. Nguvu uliyotia, mara umbali kitu kilivyosogea. Kitu kisiposogea, hata utoke jasho la damu, kazi ni sifuri. Sasa, Mzee Tak analinda lango. Lango linasogea?"

"Mungu apishe mbali," alisema mmoja.

"Anaketi kibandani. Kibanda kinasogea?"

"Lakini magari anasukuma, Mwenyekiti!"

"Anayapeleka mbele, anayarudisha nyuma. Jioni gari liko lilipokuwa. Jumla?" Akachora duara kubwa ubaoni. "Sifuri." Palikuwa na habari ya msuguano wa matairi, ambayo ingeharibu lile duara, lakini wino wa kalamu ulikuwa unaisha, akaiacha. "Simchukii mzee wetu. Nasema kifizikia tu. Kifizikia, kwa sasa, Mzee Tak ni maada. Ana uzito, na anachukua nafasi."

Mzee Tak alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai ya shayiri. Aliinamisha kichwa, akawamiminia mmoja mmoja. Mwenyekiti alipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote anazopewa mtu mzima, akaendelea kueleza kwa nini afukuzwe.

Kura iliahirishwa mpaka mtihani wa kuingia chuo kikuu upite. Kabla ya mtihani ule hakuna mwenye mtoto anayeamua hata rangi ya pazia.

Tak alirudi kibandani akiwaza. Hakusoma. Lakini umbali aliuelewa.

Kuanzia kesho yake akawa hakai. Vyungu vya maua vya langoni alivihamishia ukutani, na hakuvirudisha, maana kurudisha ndiko kunakoleta sifuri. Majani ya vuli, ambayo zamani alikuwa akiyafagia mpaka kwenye pipa, aliyafagia akalipita pipa, akatoka nayo langoni, akayapeleka kwa majirani.

"Mzee, hayo si majani yetu!" walinzi wa huko walimpigia kelele.

"Najua. Ni umbali."

Mama Eunsil alishuka jioni moja na bakuli mkononi, akaangaza huku na huku.

"Mzee wangu, mtungi wangu wa kimchi uko wapi?"

"Nimeufanyia kazi."

"Umeufanyia nini?"

"Uko nyuma ya jengo la tatu, mama."

"Ee! Mtu mzima na mvi zako! Sundeok angekuwepo angekupiga na kifuniko."

"Angenipiga," Tak alikubali. Akaenda kuurudisha, na kazi yake ya siku ile yote ikapotea.

Asubuhi ya mtihani ilikuja na baridi yake. Siku ile nchi nzima hunyamaza. Maofisi huchelewa kufunguliwa, polisi hubeba wanafunzi waliochelewa kwa pikipiki. Mama Eunsil alimvalisha bintiye skafu, akamtia peremende ya kunata mkononi ili majibu yamnate kichwani, akamshusha chini. Gari lao lilikuwa limezibwa kwa ubavu na gari jeusi.

Mzee Tak aligeuka, akaegemea buti, akakanyaga, akangoja.

Gari lilikataa. Akaongeza. Likakataa.

"Vipi, mzee?"

"Leo limeamka vibaya."

Alikuja wa ghorofa ya tano, bado na ndala. Wakaja wawili wenye tai. Akaja bibi wa kanisani na Biblia kwapani. Wote wakasukuma, mvuke ukiwatoka midomoni kama vyungu jikoni. Halikutikisika.

"Nani leo kanywa supu ya mwani?" Mama Eunsil alilia. Siku ya mtihani supu ile hainywewi, inateleza, mtoto atateleza nayo. "Semeni ukweli!"

"Laiti tungekunywa wote," alisema wa ndala. "Huenda lingeteleza!"

Ndipo Mwenyekiti akashuka na koti la mazoezi. Alitazama kidogo, akakunja mikono ya koti.

"Mnasukuma ovyo. Kani zenu zinapingana! Wewe, pembe yako ni mbaya. Bibi, weka Biblia chini, shika hapa. Kitu kilichotulia hupenda kutulia, ndugu zangu, ni sheria. Moja, mbili, haya!"

Wakasukuma kwa pembe. Naye akasukuma, mishipa ya shingo ikamtoka. Eunsil alikuwa ameanza kulia, kimyakimya, akiifuta peremende machozi.

"Tena! Tunakaribia!"

Juu, ghorofa ya nne, mlango wa roshani ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mke wa Mwenyekiti, na aproni yake.

"Baba Jiho! We Baba Jiho! Hilo si gari letu?"

Mwenyekiti alilitazama gari. Watu wakalitazama gari. Kisha wakamtazama yeye.

"Umevuta breki ya mkono tena! Nimeolewa na ubao, jamani! Shika ufunguo!"

Ufunguo ukaachiwa. Mwenyekiti aliutazama ukija, midomo ikicheza kama mwenye kuhesabu, na badala ya kuudaka akauacha umgonge begani. Akaufungua mlango, akaishusha breki. Wenzake walikuwa bado wameegemea. Gari likaondoka ghafla, na bibi wa kanisani akabaki amelikumbatia buti akiita Bwana.

Mzee Tak hakucheka. Alikuwa akitazama juu, roshanini, aproni ikirudi ndani. Mwenye mtu wa kumpigia kelele, alifikiri, hajui alicho nacho.

Mama Eunsil alitoa gari lake kwa kasi. Langoni akasimama hata hivyo, akashusha kioo.

"Mwenyekiti! Hapa tumefanya kazi kiasi gani?"

Mwenyekiti alijipangusa jasho. Alikuwa mtu mkweli, ndiyo iliyokuwa shida yake.

"Sifuri," alisema.

"Basi waambie hao wanaohema!" Akaondoka. Eunsil aliwahi, mlango wa shule ukifungwa nyuma ya skafu yake.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa kupiga kura. Watu walimngoja Mwenyekiti aseme kwamba alikosea. Hamjui walimu. Mwalimu haombi radhi. Hufungua ukurasa unaofuata.

"Ndugu wakazi," alisema, na safari hii alikuja na kalamu mpya. "Tuzungumzie nishati. Jiwe lililo juu ya mlima halisogei. Halifanyi kazi. Je, ni bure? Hapana! Lina nishati, kwa sababu ya pale lilipo. Nimelitafakari jambo letu kwa kina. Kosa si la Mzee Tak. Kosa ni kwamba kibanda kiko chini."

"Yaani akiinuliwa, anabaki?" aliuliza Mama Eunsil.

"Akiinuliwa, atakuwa na nishati. Mwenye nishati hafukuzwi."

"Mwinueni basi, jamani, hata mpaka ghorofa ya tano!"

Mikono yote ikanyooka. Tak, mlangoni na birika lake, hakuelewa vizuri ila neno anabaki. Chai ilimwagika kidogo kwenye kiatu chake.

Mafundi walikuja na matofali ya saruji. Wakakiinua kibanda, wakakiwekea ngazi, na Mwenyekiti alisimama pale na kamba ya kupimia, akisema ongeza, ongeza. Magoti ya Mzee Tak hayakupiga kura. Sasa kila asubuhi hupanda akiguna, na kila akitaka kwenda msalani hushuka akiguna, na watu wakipita humwamkia: "Shikamoo mzee, nishati ipo?" Naye hujibu, "Ipo, imeishia magotini."

Siku ya kwanza alipanda na mto mwekundu kwapani. Akauweka mahali pake. Akaketi, akatazama dirishani.

Hapakuwa na matairi wala viatu. Kibanda kilikuwa kimeupita ukuta. Ng'ambo ya pili, wazi kabisa, kilionekana kituo cha basi, na benchi lake, na njia yote ya kuja langoni.

Adhuhuri basi likaja, likasimama. Mlango ukafunguka. Watu wakashuka, na Mzee Tak akawatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Mlango ukafungwa.

"Nipo," alisema.

Akafungua kopo lake, akala.