Kizibao cha Namba Thelathini na Moja

"Katibu, mie na Shukuru tumekuwa timu mbili tangu lini?"

Idrisa aliniuliza hivyo asubuhi ya kwanza ya vizibao, huku akikivuta chake cha rangi ya chungwa kilichombana mabegani. Nilimwonyesha daftari lenye majina ya makuli wote wa soko letu, jirani na Tandale. Wenye namba witiri niliwapa chungwa, wenye namba shufwa kijani. Idrisa alikuwa wa thelathini na moja. Shukuru, aliyebeba naye mizigo miaka minane, alikuwa wa thelathini na mbili kwa sababu siku ya kujiandikisha alisimama nyuma yake.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, naishi Tabata kwa wazazi, na chama cha makuli kilikuwa kimeniajiri kuwa katibu. Nilihoji kila kitu. Kwa nini watu wote walikimbilie lori moja? Kwa nini hakuna zamu? Nikapendekeza timu mbili, moja asubuhi na nyingine mchana, na ubao wa kuonyesha ipi imeshusha magunia mengi. Mwenyekiti wetu, Mzee Rajabu, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, na lumbesa atamtwika nani?"

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kofia juu. Hakuna mwanamume anayeweza kujitwika peke yake. Wawili hunyanyua, wa tatu huinama. Pale sokoni aliyekuwa karibu ndiye aliyenyanyua, basi. Nikamjibu Mzee Rajabu kwamba kila timu itawatwika watu wake. Wazo langu mwenyewe ndilo pekee ambalo sikulihoji.

Mwanzoni ulikuwa utani. Chungwa waliwaita kijani mchicha, na kijani wakawaita chungwa maganda. Wiki ya pili, mabenchi ya mama lishe yaligawanyika bila mtu kuamrisha. Wiki ya tatu nilimsikia mtu mzima akieleza kwa uhakika kwamba mchicha ni wavivu tangu enzi. Enzi hiyo ilikuwa na siku ishirini. Niliandika jambo hilo pembeni mwa daftari kwa sababu lilinifurahisha. Nililiona kama somo.

Kisha mmoja wa kijani akateleza na lumbesa, likamlalia kifuani. Chungwa wanne walikuwa wamekaa hatua mbili kutoka pale. Hawakuinuka. Wenzake walikuja mbio kutoka upande wa pili wa soko, na walipomtoa mbavu zilikuwa zimevunjika.

Wapo watakaosema neno vita ni kubwa mno kwa yaliyofuata. Hawakuwapo.

Siku ya pili, lori la viazi lilifika saa sita, saa ya kupokezana zamu. Hakuna aliyeligusa.

Walikuja na kulabu za kukamatia magunia. Walikuja na mipini ya majembe.

Niliufunga mlango wa kontena lililokuwa ofisi yetu, nikasimama dirishani. Wanaume niliowajua kwa majina, na majina ya watoto wao, sikuwatambua tena. Niliona rangi mbili tu.

Idrisa alipita katikati mikono ikiwa juu. Alikuwa ameniambia anakwenda kumtafuta Shukuru, wawarudishe watu nyuma pamoja.

Mpini ulishuka.

Sikuona ulikuwa mkononi mwa nani.

Soko lilifungwa. Kwa siku mbili walipigana vichochoroni. Siku ya tatu Idrisa alirudi nyumbani kutoka hospitali, mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta, na chungwa wakajaa uani kwake. Mie na Mzee Rajabu tulikuwa ndani, tumekuja kumjulia hali. Walitaka jina moja tu. Walisema wanalo la kufanya likishapatikana.

"Braza, tutajie," kijana mmoja alisema. "Umeumizwa kwa ajili yetu sote."

Idrisa aliutazama mkono wake.

"Sikumwona. Nendeni mkale."

Bila jina, hawakuwa na nyumba ya kuvamia. Yule kijana alikuwa wa kwanza kuvua kizibao. Alikikunja vizuri, akakiweka mkekani kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Aliyevunjika mbavu alirudi kwao bara, na sokoni hajaonekana tena. Mkono wa Idrisa haukunyooka. Anaweza kubeba lakini hawezi kunyanyua, kwa hiyo kila gunia analobeba lazima atwikwe na wengine, naye hana namna ya kuwarudishia. Niliandika barua ya kuacha kazi. Mzee Rajabu aliisoma, akanirudishia, akaniambia ninywe chai kwanza kisha nilete lile daftari.

Tuliyafuta makundi. Vizibao vikakatwakatwa, vikasokotwa kuwa ngata za kuwekea chini ya mzigo, chungwa na kijani katika ngata moja, kwa kuwa kitambaa hakikutosha. Sheria mpya ina mstari mmoja: aliye karibu anyanyue. Miaka sita sasa inafuatwa, na wageni wanaojiunga hudhani imekuwapo siku zote. Nami nimebaki, bado nahoji, ila naanza na wazo langu mwenyewe.

Kila asubuhi Shukuru humtwika Idrisa kabla hajashika mzigo wake mwenyewe. Hajawahi kukosa, hata alipokuwa na homa. Niliona kuwa ni urafiki wa zamani uliorudi.

Mwezi uliopita, tukiwa kwenye benchi la mama lishe, nilimuuliza Idrisa kama kweli hakumwona aliyempiga. Alisubiri hadi Shukuru alipokwenda kunawa mikono.

"Ni yeye," alisema. "Alikiona kizibao, Katibu. Uso wangu aliuona mpini ukiwa umeshashuka."