Uji wa Kunyweshwa kwa Kiganja

Jikoni kwetu Rumonge tulikuwa wanne: mama, shangazi yangu aliyekuja kutoka Bujumbura, mimi, na mdogo wangu ambaye hakuwa na jino hata moja. Majina ninayo yote, ila la shangazi silitaji, maana wajukuu zake ni jirani zangu.

Leo mke wa mjukuu wangu katoa uji wa mtoto kwenye maikrowevu, na harufu ya maziwa yaliyofurika ikanirudisha kule.

Mama alikuwa anamnywesha mdogo wangu kwa kiganja. Uji ukiwa moto, yeye ndiye aliyeungua kwanza. Shangazi akakunja pua.

“Wifi, huo ushamba! Mjini iko kijiko.”

Akagusa uji juujuu, akaona umepoa. Hakukoroga. Akachota wa chini, akamtia mtoto mdomoni. Mdogo wangu alilia mpaka sauti ikakata.

Mama akamsogezea bakuli. “Kunywa wewe basi, bibi wa mjini.”

Hakunywa.

Na huyu wa leo kashika kikombe kwa nje tu, kijiko kiko hewani. Nikamkamata mkono.

“Koroga kwanza. Uache utulie kidogo, halafu udondoshe mkononi mwako.”

“Bibi, mashine imepima yenyewe.”

“Mashine ina ulimi?”

Akadondosha, akaruka.

Mdogo wangu alikataa kunyonya siku tatu. Kama zilikuwa mbili, anayekumbuka anisahihishe. Mimi nilihesabu kwa nguo za mama zilizolowa maziwa.