Mama Nasaha Alivyomshauri Mumewe

Mtasema ni uwifi. Semeni. Dada wa mume akifungua tu mdomo kumtaja mke wa ndugu yake, watu huminya macho wakanong'onezana kwamba ana donge. Donge ninalo, sikatai. Lakini donge halinizibi macho wala masikio, na mimi ninaishi chini yao, dari moja tu kati yetu. Kijiko kikidondoka kwao, mimi huku najua kama ni cha chai au cha kupakulia.

Mdogo wangu ni fundi wa friji. Mtaani wanamwita Fundi Barafu. Ni mtu wa maneno machache; ukimuuliza habari za kazi atakujibu, "Zinapoa," halafu basi, mazungumzo yamekwisha. Wifi yangu alikuwa msusi, na tuseme la haki: mikono alikuwa nayo. Mwanamke aliingia saluni kwake kichwa kama kiota cha kunguru, akatoka anatembea kama barabara ni yake.

Siku moja mteja alikaa kitini akilia, mume amemkimbia. Wifi, chanuo mkononi, akamwambia, "Machozi yako yanalowesha nywele zangu, yeye hayamloweshi hata kola. Nyamaza tusuke." Mteja mwingine alikuwa ameshika simu, akarekodi, akarusha mtandaoni. Kabla ya kesho yake maneno yale yalikuwa yameshaingia katika simu za watu ambao hawajui hata saluni yenyewe iko wapi.

Angesema hilo moja akarudi kwenye chanuo lake, ningemsifu mpaka leo. Lakini sifa ni kama upele, ukishaukuna mara moja hukomi. Saluni ikafungwa. Wifi akajiita Mama Nasaha, mshauri wa ndoa, na wafuasi wake wakajiita Jeshi. Jeshi la nini, vita ya nani, hakuna aliyeuliza.

Ingieni sebuleni kwake muone. Ukuta mmoja ulipakwa rangi ya waridi, lakini nusu tu: rangi iliishia pale jicho la simu linapoishia. Upande wa waridi palikuwa na kiti chenye mito, maua ya plastiki, na taa ya duara inayomfanya mtu ang'ae kama sahani iliyooshwa. Upande wa pili, ambao Jeshi halikuuona, palikuwa na nguo za kufua, masufuria ya jana, na mume.

Akiwa mubashara, mume alitakiwa avue viatu ngazini, asikohoe, asifungue kabati lenye bawaba inayolia, na asivute maji chooni. Mtu mzima, mwenye nyumba yake, akawa anashuka kwangu kujisaidia.

"Karibu," nilikuwa namwambia mlangoni. "Leo somo ni nini huko juu?"

"Kumheshimu mume," anajibu, anapita.

Siku ya kukumbuka ndoa yao alirudi kutoka kazini na mafuta mpaka kwenye viwiko. Wifi akamvika shati jipya, akampa shada la maua alilolinunua mwenyewe. Niliyasikia yote kupitia dari. "Shika. Sasa nipe. Siyo hivyo, unanipa maua, hunikabidhi spana! Tabasamu. Rudia." Walirudia mpaka maua yakachoka kabla ya watu. Baadaye picha ikatoka, na maneno chini yake: "Mpate mume anayekumbuka bila kukumbushwa." Wanawake maelfu wakapandisha vimioyo, na nina hakika wengi wao waliwageukia waume zao jioni ile na kuwaangalia vibaya.

Maana hapo ndipo ubaya ulipo. Upuuzi ungebaki ndani ya simu, ungekuwa upuuzi wa simu. Huu ulishuka ngazi ukagonga milango. Jirani yangu, mke wa dereva wa lori, alifundishwa na Mama Nasaha somo la kununa: mume akirudi safari, usimsemeshe, ajitafutie kosa lake mwenyewe. Dereva wa watu akarudi amechoka, akakuta mke hasemi. Akafikiri anaumwa koo. Akatoka kumtafutia dawa, akamkorogea maji ya chumvi asukutue. Mwanamke akasukutua, kwa sababu afanye nini, somo halikufika huko! Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini wengine waliolifuata somo hawakuwa na waume wa kukoroga maji ya chumvi, na ndoa mbili katika jengo letu zilivunjika kwa mambo ambayo zamani yangekwisha kwa kikombe cha chai.

Kilichomfika mdogo wangu shingoni ni homa ya mtoto. Wana binti mmoja, wakati ule alikuwa darasa la nne. Alirudi kutoka shule amechemka. Mama yake alikuwa kwenye kiti cha waridi, mubashara, anazungumzia malezi. Mtoto akasimama upande usioonekana, akaita, "Mama." Mama akamnyooshea kiganja: ngoja. Akaita tena. Kiganja. Basi mtoto akashuka ngazi huku ameshika ukuta, akafika mlangoni kwangu akasema, "Shangazi, miguu haipo." Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Baba yake alitukuta huko, bisibisi bado iko mfukoni mwa shati. Alimshika mtoto kifundo cha mguu, akakaa hivyo hivyo mpaka dripu ikaisha.

Alipompeleka nyumbani, nilimsikia akisema, "Mke wangu, tuzungumze."

"Si sasa, nina watu wananisubiri."

"Lini?"

"Wewe nawe! Ukiwa na neno niandikie, kama wenzako."

Alilisema kwa kicheko. Lakini mdogo wangu ni mtu wa kufuata maelekezo. Ukimpa mashine mpya, atakisoma kijitabu chake kuanzia jalada. Kesho yake akaja jikoni kwangu, akafungua akaunti isiyo na picha, akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

"Dada, kupuuzwa ina u ngapi?"

"Tatu. Unaandika nini?"

"Namwandikia Mama Nasaha."

Nilidhani anatania. Akanisomea. Hakutaja saluni, wala simu, wala ukuta. Aliandika kwamba ana mke anayependa kazi yake, na kila jioni mke huyo yuko na watu wengine, kwa maneno na kwa macho, na mume hana zamu. Kwamba hata mtoto wao alipougua aliambiwa angoje. Kwamba bado anampenda. Mwisho akauliza, "Nifanye nini?" Hakuna tusi hata moja. Ningeandika mimi, simu ingeshika moto.

Nilimwuliza, "Unataka ajitambue?"

"Nataka ajibu," akasema.

Akajibu. Alasiri moja mdogo wangu alikuwa kwangu anakunywa chai, simu imeegemea bakuli la sukari, na Mama Nasaha akatokea aking'aa. Sauti yake ilitufikia mara mbili, kwanza kupitia dari, halafu kupitia simu, kama mtu anayejiitikia mwenyewe. Akasema leo ana ujumbe wa baba mmoja uliomkosesha usingizi. Alilala vizuri, nilimsikia akikoroma. Akausoma wote. Alipofika kwenye homa ya mtoto akajipangusa jicho kwa ncha ya kidole, taratibu, asiharibu wanja.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinama mbele, kikombe mkononi, kama mtu anayesikiliza injini iliyozimika akingoja ianze kuunguruma. Kweli alitumaini. Alidhani mkewe akifika kwenye homa atajiona humo.

Wifi akafunga ujumbe, akatikisa kichwa. "Kaka yangu, popote ulipo, nisikilize mimi. Huyo si mke. Huyo ni mpangaji. Na mpangaji asiyetimiza masharti hupewa nini? Hupewa notisi!"

Vimioyo vikafurika. Jeshi likalipuka. Mmoja aliyejiita Ua la Asubuhi akaandika, "Muache kaka, wanawake wenye roho nzuri tupo." Mwingine: "Mama gani anamwambia mtoto mgonjwa angoje? Mnyama hafanyi hivyo." Mmoja akasema mke huyo lazima ana hawara. Watu ambao hawajamwona mwanamke huyo walimchambua mpaka mifupa, na mwenyewe ameketi mbele yao kwenye mito.

Mdogo wangu akaandika mara ya mwisho: "Nizungumze naye kwanza?"

Wifi akalisoma hilo kwa sauti, akacheka kwa huruma. "Baba wa watu! Usizungumze. Wanawake wa aina hiyo hawasikii maneno. Wanasikia mlango."

Mdogo wangu akakiweka kikombe chini. Akasubiri mpaka mkewe aage Jeshi lake na taa ya duara izimwe, kwa adabu ile ile aliyofundishwa, ndipo akapanda. Mimi nikamfuata hadi kwenye ngazi. Mtanisamehe au msinisamehe, mlango ulikuwa wazi.

"Nimekuja kutoa notisi," nikamsikia akisema.

"Notisi ya nini? Friji ya nani tena?"

"Ya kwetu."

Wifi akacheka, kisha akaona mumewe ameshalishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Mdogo wangu akampa simu asome mwenyewe. Nawaambia, tangu wifi ajiite Mama Nasaha sikuwahi kusikia kimya kama kile kwenye nyumba ile, mpaka nikasikia bomba la jikoni likidondosha tone.

"Ungeniambia," wifi akasema mwishoni. Sauti ilikuwa ndogo, sauti ya saluni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwonea huruma.

"Nilitaka. Ukasema nikuandikie. Nikakuandikia, ukasema nisizungumze."

Nikawa naomba pale ngazini, mimi mwenye donge, nikaomba aseme neno moja la maana. Mdogo wangu alikuwa hajakaza hata kamba ya sanduku. Angesema "kaa," angekaa.

Akasema, "Kuna mtu mwingine anajua kuwa ni wewe?"

Huruma yangu ikanitoka hapo hapo. Mdogo wangu akafunga sanduku, akamwita binti yake, wakashuka. Yeye akahamia chumba cha nyuma ya karakana yake, mtoto akawa anashinda kwangu na kulala kwa baba.

Mnafikiri Mama Nasaha aliona haya, akafuta kila kitu? Hamjawafahamu watu hawa. Hazikupita siku nyingi akajitokeza na video inayoitwa "Nimeachwa." Hakuwa amejipodoa, au tuseme alikuwa amejipodoa aonekane hajajipodoa, na hiyo ni kazi ndefu zaidi. Akasema mume aliyempa ujana wake ameondoka bila hata kuzungumza naye. Bila kuzungumza! Nilitamani kulipiga dari kwa fagio.

Wafuasi wakaongezeka kuliko wakati wowote. Wakaitafuta namba ya karakana, wakaipata. Mdogo wangu akawa anapokea simu akidhani ni friji imegoma, anakutana na mwanamke asiyemjua akimlaani mpaka vizazi vijavyo. Na nani nilimwona kwenye maoni, wa kwanza kabisa? Ua la Asubuhi. "Wanaume ni mbwa," ameandika, "hajui hata kuongea na mkewe." Vidole vile vile, na pengine alikuwa bado na kikombe kile kile cha chai pembeni. Hakuna aliyekumbuka alichokisema. Kukumbuka ni kazi, na wale hawakuja pale kufanya kazi.

Nilikuwa na nakala ya ujumbe wote. Nikamwambia mdogo wangu, "Niruhusu niuweke hadharani. Dakika tu, Jeshi lote litamgeuka."

Alikuwa amelala chali chini ya friji kubwa ya duka la nyama. "Halafu?"

"Halafu watakuonea huruma wewe."

"Sitaki huruma ya watu hao," akasema. "Nipe tochi."

Nikampa tochi. Nilikasirika naye wiki nzima, lakini ujumbe sikuuweka. Simu za matusi zikapungua zenyewe, kwa sababu Jeshi lilipata mume mwingine wa kumtukana. Wateja walibaki; nyama ikianza kunuka, mwenye duka hamuulizi fundi habari za ndoa.

Mwezi uliopita wifi alishuka kwangu mchana, amevaa vizuri, na boksi mkononi. Binti alikuwa mezani akifanya hesabu. Mama akamkumbatia, akalia kidogo, nikaamua kuyaamini machozi yale kwa kuwa hapakuwa na taa. Kisha akatoa simu, akaiegemeza kwenye birika.

"Fungua zawadi, mwanangu. Polepole. Ukiona ndani, nitazame mimi kwanza, halafu ushangae."

Binti akafungua. Viatu vyeusi vya shule, vizuri kweli. Akajaribu kimoja, akakisukuma, akapinda vidole. "Mama, vinanibana. Hii ni namba yangu ya mwaka juzi."

Wifi akainamia mguu wa mwanawe. Aliutazama kwa muda, kama anatazama mguu wa mtoto wa mtu mwingine. Nikadhani, haya, sasa hivi atajitambua. Akanyoosha mkono, akazima simu. Binti akamwambia kwa upole kwamba ana hesabu za kumaliza, akarudi kwenye daftari lake.

Lakini kabla ya kuondoka wifi akavichukua viatu, akavipanga dirishani kwangu penye mwanga mzuri, akavipiga picha, viatu vitupu, bila miguu. Jioni nikaikuta mtandaoni. Chini yake ameandika, "Mama hasahau." Vimioyo havikuhesabika.

Viatu tulimpa mtoto wa dereva wa lori. Vilimtosha.